Ufuta wa Shina Moja

Niliolewa mwaka wa bendera, miezi michache kabla ya bendera yenyewe kupandishwa. Nikatolewa kwetu Mkwiro, kisiwani, nikapelekwa bara, juu ya Lunga Lunga, mahali ambapo mtu akitaka kuiona bahari sharti afumbe macho. Huko ndiko kwao mume wangu. Mnazi ukipandwa huko unakua kwa haya, unatoa makuti mafupi, na dafu lake hulioni. Kwa hiyo mafuta ya watu wa huko yalikuwa ya ufuta, ule ambao wengine wanauita simsim. Asiye na ufuta hana mafuta, na mwanamke asiye na mafuta, katika nyumba niliyoolewa, hana meko.

Habari hiyo ya meko niliambiwa fungate ilipokwisha. Mavyaa, yaani mama yake mume wangu, alinikalisha mkekani, akanishika mkono kwa upole, akasema:

"Mwanangu, hapa petu mke mpya hapiki kwake mpaka akamue mafuta ya ufuta alioulima mwenyewe. Mwanamke hawashi meko kwa mafuta ya kupewa. Mpaka siku hiyo utapika kwangu."

"Inshallah, mama," nikajibu kwa sauti ndogo ya bibi arusi. Moyoni nilikuwa nasema, ufuta ni kitu gani cha kunishinda mimi, niliyepara samaki tangu meno yangu ya utotoni hayajang'oka? Kiburi hicho! Nikikikumbuka leo nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kulikoni.

Nikaanza kupika kwa mavyaa. Nieleze mapema, asije mtu akanielewa vibaya: mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Alilea watoto wake wa kiume peke yake, mume wangu ndiye wa kwanza wao kuoa, na binti hakujaliwa. Lakini jiko lile lilikuwa lake. Nikitia chumvi, anaonja. Nikifunika chungu, anafunua. Nikifunua, anafunika. Nikisonga sima, anasimama nyuma yangu: "Itoe chini, mwanangu, itoe chini, unaipapasa tu." Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mimi nilikuwa fahali aliyefungwa kamba. Lililoniuma kuliko yote ni ng'onda. Mama yangu mzazi alikuwa akiniletea ng'onda, samaki wetu wa kukausha juani, na mavyaa harufu ile hakuiweza kabisa. "Utawakaanga siku utakapokuwa na meko yako," akaniambia. Jamani, mtoto wa Mkwiro kukatazwa ng'onda! Nilimwekea mume wangu kinyongo mwezi mzima kwa kosa la kuzaliwa na mama asiyejua utamu.

Uhuru ukaja. Watu walipanda malori kwenda Kwale kucheza ngoma, wakarudi hawana sauti kwa kupiga vigelegele. Mume wangu aliingia nyumbani anacheka, akaninong'oneza, "Nchi imepata uhuru wake, mke wangu. Wako bado uko shambani." Nilimtupia mwiko. Ulimkosa, lakini si kwa kukusudia.

Ufuta wangu wa kwanza niliupanda masika yalipokuwa yakielekea ukingoni. Mavyaa alinipa kipande kando ya kichuguu, akanipa mbegu zake, akanifundisha kuzichanganya na mchanga mkavu ili mkono usizimwage zote mahali pamoja, maana mbegu ya ufuta ni ndogo, ukipiga chafya imekwenda. Zikaota vizuri. Wakati wa palizi alikuja kunionyesha lililokuwa muhimu kwao kuliko magugu yenyewe, nalo ni kung'oa ufuta usiotoa matawi.

"Huu ni tasa," akasema, akiung'oa mmoja uliosimama wima na shina lake moja. "Sisi tunaacha wenye matawi mengi. Matawi ndiyo watoto wake. Na mbegu za mwakani tunazichukua kwa wenye watoto wengi."

Niliona ni maneno ya maana. Nikang'oa tasa wote. Shamba langu likapendeza, mashallah, kila mti umetanuka, maua meupe yenye wekundu wa mbali, nyuki wanavuma humo kutwa. Kisha maganda yakatoka, yale madogo marefu yanayobeba mbegu, yakasimama kwenye matawi.

Ndipo kaka yake mavyaa akafariki huko Jego. Mavyaa akajifunga kanga zake kwenda matangani, na mlangoni akaniusia: "Ukiona majani ya chini yanageuka manjano, kata. Funga vicha, visimamishe uani, vikaukie hapo. Usingoje." Niliyasikia maneno yake yote. Masikio yangu hayakuwa na kosa lolote.

Majani ya chini yakageuka manjano. Nikaenda na mundu. Nikashika shina, nikalikuta bichi. Nikatazama maganda, ni ya kijani. Sasa, mimi ni mtu wa Mkwiro. Kwetu kitu cha kuweka akiba hukitoi juani mpaka kikauke kabisa. Ng'onda ukimwondoa kabla hajagonga kama ubao, anaoza, na wewe unasemwa na ukoo mzima. Nikajiambia, mama huyu ana msiba, maneno yamemtoka kwa haraka. Nani anavuna kitu kibichi? Nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaenda, bado ubichi umo. Nikangoja. Nikaacha jua lifanye kazi yake, mpaka ufuta wangu ukasimama mkavu kabisa, upepo ukipita unachakarisha, nami nimeshika kiuno naona fahari.

Wenyewe wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ganda la ufuta likikaukia mtini linafungua kinywa. Linafunguka lenyewe bila kuombwa, na mbegu hazina subira. Mavyaa aliporudi kutoka Jego alipitia shambani kabla hajafika nyumbani, nami nikamfuata nyuma kwenda kusifiwa. Akainamisha mti mmoja juu ya kiganja chake, akautikisa. Hakikudondoka kitu. Akatikisa wa pili. Kisha akatazama chini, ambako sisimizi walikuwa na arusi yao, na njiwa wameshiba mpaka wanatembea kwa miguu.

Nilijua nitatukanwa. Badala yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini na zile kanga zake za msiba. "Umeuanika!" akasema, akijifuta machozi. "Ufuta uko shambani, umeuanika kama samaki! Ewe mwanangu, ewe!" Kesho yake kijiji kizima kikawa kinanisalimu, "Hujambo, mwanika ufuta?" Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilikuwa ndefu. Nililia, tena si kwa siri. Nililia mbele ya mume wangu, nikamwambia nataka kurudi kwetu. Sikuwa naulilia ufuta. Nilikuwa naulilia mwaka mzima mwingine wa kufunuliwa chungu.

Mvua za vuli zikaja, mvua za kuutia vumbi adabu tu, kisha zikakata. Lakini zile mbegu zangu zilizomwagika zikaota zenyewe. Maotea yakajaa kipande chote, yamebanana hakuna pa kuweka mguu. Mavyaa hakuyajali, alikuwa na shughuli zake, na mimi nilikuwa nimenuna. Kwa hiyo hakuna aliyepalilia, wala hakuna aliyeng'oa tasa.

Nilikuwa napita hapo kila nikienda kuchota maji, na kila nikipita nasimama nautukana ule ufuta, maana ndio ulionitia aibu. Na kitu ukikitukana kila siku, mwishowe unakijua. Jua lilipokaza, wenye matawi ndio walioanza kulegea. Walikuwa wametoa matawi kwa furaha ya ile mvua ya mwanzo, sasa kila tawi linataka maji yake, na maji hakuna. Majani yao mapana yakalala. Maua yakatoka, yakaanguka kabla hayajashika. Katikati yao, mmoja hapa, mmoja pale, walikuwapo wale tasa. Wafupi, shina moja tu, majani membamba yenye malaika, yaani vinyweleo, kidogo ukiyagusa. Mchana yalining'inia kando ya shina kulikwepa jua, na jioni yakajiinua. Wao maua walikuwa wameyatoa mapema, wenzao wakiwa bado wanajenga matawi. Maganda yao yalianzia chini kabisa, na kwenye kwapa la kila jani, pale ambapo ufuta wa mavyaa unaweka ganda moja, wao walikuwa wameweka matatu.

Ala! Nikatua mtungi. Nikachuchumaa, nikatazama mti wa pili na wa tatu, maana nilidhani jua limenipanda kichwani. Ilikuwa kweli. Tasa gani huyu, aliyebeba watoto watatu kila kwapa?

Safari hii sikungoja kitu kikauke. Majani ya chini yalipogeuka manjano niliikata ile miti ya shina moja, yenyewe tu, nikaisimamisha kwenye kikapu juu ya kanga. Ilipofungua vinywa nikapata mbegu za kujaza kibuyu kidogo. Nikabana moja kati ya kucha mbili, ikapasuka, ukucha ukang'aa mafuta. Nilicheka kwa sauti. Mume wangu akatoka nje kuuliza nani amekuja.

Masika yaliyofuata yalipokaribia kuisha, mavyaa alinijia na mbegu zake. "Ahsante, mama, mwaka huu mbegu ninazo," nikamwambia. Alifurahi, akaniita mkulima. Akauliza nimezitoa kwenye miti ipi. Nami nikamwambia kweli.

Uso ukambadilika. "Tasa?" akasema. "Mwanangu, wewe mwenyewe umeolewa mwaka wa pili huu na mimba hujashika, halafu ukapande ufuta tasa? Kwenye shamba la mwanangu?"

Hasira zangu mimi ziko karibu, haziitwi mara mbili. "Mama, mimi si ufuta!" nikasema. Mtu hamjibu mavyaa hivyo. Mume wangu alikuwa anakunywa uji, akaganda na kikombe mdomoni. Watoto nilikuja kuwazaa, alhamdulillahi, tena nilizaa mpaka nikachoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama alipanda ufuta gani. Lakini siku ile hayo sikuyajua, na neno lile lilinichoma mpaka ndani.

"Basi pandeni nusu kwa nusu," mume wangu akajaribu.

"Wewe kunywa uji wako!" tukamwambia, mimi na mavyaa, kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana tangu niolewe.

Mavyaa akazirudisha mbegu zake kwenye kibuyu, akakaza kizibo. "Haya. Panda hao tasa wako. Lakini zangu hutapata mwaka huu, na ukikosa mafuta mara ya pili usije ukanililia. Utapika kwangu mpaka uzeeke."

"Nitapanda, mama."

"Panda."

Nikapanda. Na siku zilivyokwenda nikaanza kujuta kimoyomoyo. Shamba la mavyaa lilikuwa ng'ambo ya kijia, linatazamana na langu, na lake lilinawiri, matawi yamekumbatiana. Langu lilikuwa vijiti. Wapita njia wanasimama, wanatazama, wanatikisa kichwa. Jirani yetu, mama mmoja Mkamba aliyehamia huko na mumewe, mtu wa kanisa na wa mzaha mwingi, alinipigia kelele kutoka njiani: "Mama, mwaka jana uliuanika ufuta, mwaka huu umepanda fito! Unajenga nyumba?" Nikamjibu, "Najenga, na wewe nitakuita uje kukandika udongo!" Tukacheka wote. Lakini alipokwenda zake nilikaa kwenye kichuguu na kicheko kimenikauka. Niliogopa, nasema wazi. Nilijiona mzee, nimeinama mbele ya meko ya mtu mwingine, mtu anafunua chungu changu.

Kisha mvua ikakata. Masika yale yalifunga mlango kabla ya wakati wake. Tulingoja mvua ya kumalizia, ile ambayo kila mtu anaitegemea, haikuja. Asubuhi mawingu, adhuhuri jua, jioni upepo mkavu. Mahindi yakajikunja. Watu wakaanza kutazama mashamba yao kwa jicho la kuyaaga.

Ufuta wa mavyaa uliendelea kutoa maua, maskini. Ulitoa maua juu, yakaanguka. Ukatoa mengine, yakaanguka. Vijiti vyangu vilikuwa vimeshamaliza maua zamani, havina habari. Vilisimama na maganda yake tangu chini mpaka kileleni, matatu matatu, na mchana vikateremsha majani, na jioni vikayainua. Nilikuwa nakwenda kuvitazama alfajiri na magharibi, nikiogopa hata kushangilia, nisije nikavitia kijicho.

Asubuhi moja nilimkuta mavyaa ndani ya shamba langu. Hakunisikia nikija. Alikuwa ameng'oa mmoja wa kwangu na mmoja wa kwake, ameilaza chini sambamba, naye amechuchumaa anaitazama. Mti wake ulikuwa na mizizi mingi iliyotanda juujuu. Wangu mfupi ulikuwa na mzizi mmoja mrefu, umeshuka moja kwa moja, na mwisho wake ulikatikia ardhini hata hatukuuona.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Wa kwangu unakaa unangoja kuletewa maji," akasema. "Wa kwako umekwenda kuteka mwenyewe."

Akapasua ganda la kwake kwa ukucha. Ndani mlikuwa na mapepe, vitu vyeupe vyembamba visivyo na kiini. Akapasua la kwangu, akamimina mbegu kiganjani, akazitia mdomoni, akatafuna polepole. Akajipangusa mikono, akainuka, akavuka kijia kwenda kwake. Nikabaki nimesimama, sijui nimeshinda au nimeongeza ugomvi.

Jibu lilinijia siku chache baadaye, kabla jua halijatoka. Mtu anagonga mlango wetu kwa mpini wa mundu. "Amka! Majani ya chini yameshageuka. Leo ndiyo leo, kesho ni ya njiwa!" Nilitoka mbio na kanga moja. Tukaingia shambani, mimi na mavyaa, umande haujakauka bado, maana ufuta ukikatwa ungali na umande, maganda hayapasuki mikononi. Hilo alinifundisha yeye hapo hapo. Akanionyesha pia jinsi ya kukata huku kichwa cha mti umekielekeza juu wakati wote, usikiinamishe hata kidogo, unampa mwenzio kama unavyompa mtoto mchanga. Aliimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba. Sauti yake ilikuwa mbaya sana na mimi nilipenda kila neno.

Tukavifunga vicha, tukavisimamisha uani vikiegemeana, na kila siku mavyaa akawafukuza kuku kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Vilipokauka tukatandika jamvi kubwa. Yule jirani Mkamba naye akaja, nikamwambia amewahi kuja kukandika. Nikakishika kicha cha kwanza, nikakigeuza kichwa chini, nikakipiga kwa fimbo mara moja.

Lo! Zilimwagika. Zilimwagika kwa sauti ya mvua kwenye makuti, ile mvua tuliyonyimwa, na nilipopiga tena zikamwagika tena. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Mavyaa akaingiza mkono kwenye mbegu mpaka kiwiko, akautoa, akaurudisha, anacheka mwenyewe. Shamba lake lilikuja kutoa pia, kidogo, la kutosha asiaibike. Lakini hakwenda kulipiga lake mpaka langu lilipokwisha.

Tulitwanga pamoja, kinu kimoja, michi miwili, tunapokezana. Mbegu zikawa unga, unga ukawa uji mzito, tukautia maji ya moto kidogo kidogo na kuukanda. Haba na haba, mpaka mafuta yakaanza kujitenga, yakapanda juu, ya rangi ya asali, uani kote kunanukia. Mavyaa akatia kidole, akaonja. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemwona akionja vitu vyangu, na kila mara kulikuwa na neno. Nikakaza mwili. Akalamba kidole, akatia tena, akalamba, kisha akanipaka kilichobaki kwenye paji la uso.

"Kajengewe meko," akasema.

Mume wangu akaleta mawe. Mavyaa aliyakataa mawili, akasema yatapasuka kwa moto, akamrudisha atafute mengine. Akayapanga mwenyewe, akayatingisha, akayapanga upya. Moto alinipa yeye, kaa kutoka jikoni kwake juu ya kigae. Nikapuliza mpaka macho yakajaa moshi na machozi, sikujua kipi ni kipi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo siku ya arusi, na mume wangu nilimwambia hivyo, akanuna kidogo.

Sasa nipike nini? Ng'onda walikuwamo ndani ya kikapu, na hapakuwa na mtu wa kunizuia. Niliwatazama. Kisha nikatoka nikachuma mchunga, ile mboga chungu ya kwao, nikaukatakata, nikaukaanga kwa kitunguu na mafuta yangu mwenyewe, nikasonga sima. Nikaitoa chini vizuri. Hakuna aliyefunua chungu.

Sima ilipokuwa inaiva nikasikia nje: "Hodi."

Nilishangaa. Tangu niolewe sikumsikia mama yule akibisha hodi popote katika ua ule, maana ua wote ulikuwa wake. "Karibu, mama, karibu ndani," nikasema. Akaingia polepole, akaketi mkekani, mikono juu ya magoti, mgeni kabisa. Nikamnawisha. Nikampakulia sima na mchunga, nikamwekea mbele yake, nikajitenga kando nikingoja kuambiwa chumvi haikutosha.

Akala. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, na bado akabaki ameinama akiitazama.

"Mavyaa wangu mimi," akasema, "alikufa mwaka nilioletwa hapa, kabla sijapata meko ya kumkaribisha. Baadaye baba yao naye. Binti sikuzaa. Katika ua huu nimepika mimi na nimepakua mimi, siku zote hizi, na hata ulipopika wewe, upawa wa kupakulia nilikuwa nao mimi. Sijapata kuketi hapa petu, mtu akanipakulia chakula, nami nikala tu."

Yeye akapangusa uso kwa upindo wa kanga, akanisogezea sahani.

"Niongeze."

Nikamwongeza. Akala, nikamwongeza tena, bila kuulizwa, mpaka mume wangu aliporudi akakuta mboga imekwisha, akala sima kwa mafuta matupu.